Hesabu za duka na chama: Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc?

Mwenye agroveti Njoro anataka kujua ni nani bado anadaiwa mbegu. Mweka hazina wa chama Kondele anataka kila mwanachama aone mchango wake bila kumpigia simu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kakamega anataka kujua kama mauzo ya juma yanalingana na pesa zilizoingia kwenye M-Pesa. Wote wameshachoka na daftari la karatasi, na wote wataambiwa watumie Excel kwa sababu ndilo jina lililozoeleka.

Programu zote tatu za majedwali hujumlisha sawasawa, na fomula za kila siku, SUM, SUMIFS, COUNTIF na IF, huandikwa vilevile katika zote. Kinachotofautisha ni mambo mengine: nani ataandika, anaandika kwa kifaa gani, stima zikipotea kazi inabaki wapi, na faili itafunguliwa na nani baadaye.

Ushauri wetu ni huu. Wakiandika watu wawili au zaidi, au mwandishi akiwa na simu pekee, chukua Google Sheets. Ikiwa ni kompyuta moja, mtu mmoja na bando la kubahatisha, weka LibreOffice Calc. Excel inalipa kwa mwenye leseni halali ambaye pia ana kazi inayoihitaji, hasa stetimenti ndefu za M-Pesa na faili zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Sababu ni hizi.

Gharama, pamoja na ile isiyoandikwa kwenye risiti

Google Sheets ni bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Gmail. Nafasi ni GB 15, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha za Google Photos. Hapo ndipo watu wengi hukwama: simu hupandisha picha na video kimyakimya, GB 15 zinajaa, na siku hiyo huwezi kufungua jedwali jipya wala kupokea barua. Kwa hiyo chama kifungue akaunti yake chenyewe, isiyounganishwa na picha za simu ya mtu, na namba ya kurejesha akaunti iwe ya ofisa mwingine, si ya mweka hazina peke yake. Uongozi ukibadilika, linabadilishwa nenosiri tu, na hesabu hazihami.

LibreOffice ni bure pia, hata kwa biashara, na haiulizi akaunti. Faili ya kusakinisha ni takriban MB 350. Ipakue mara moja kutoka libreoffice.org mahali penye WiFi, iweke kwenye flashi, kisha usakinishe kwenye kompyuta zote za duka bila kugusa bando tena. Kompyuta ya zamani inaimudu. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4, Calc hufunguka na kufanya kazi vizuri pale ambapo Chrome yenye vichupo kumi huanza kugandaganda.

Excel kamili hupatikana kwa kulipia Microsoft 365 mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka, au kwa kununua Office mara moja. Ipo pia Excel ya bure ndani ya kivinjari, yenye GB 5 za OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, lakini bila intaneti haifanyi kazi. Kwenye simu, app ya Excel huruhusu uhariri wa kawaida bila malipo mradi kioo kisizidi inchi 10.1.

Kisha kuna Excel ambayo fundi hukuwekea akisema ni ya bure. Laptopu nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na Office Professional Plus 2016 au 2019. Toleo hilo kwa kawaida huuzwa kwa mashirika yanayonunua leseni kwa wingi, kwa hiyo likiwa kwenye laptopu ya duka lako, yaelekea liliwashwa kwa programu ya kuvunja leseni. Programu hizo hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na huo ndio mlango ambao wezi wa manenosiri hupitia. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo unayofungulia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, na akaunti ya benki. Zaidi ya hayo, Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya usalama kwa Office 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Fungua File, kisha Account, uone jina la toleo lako na kama linaonyesha leseni iliyothibitishwa. Kati ya Excel iliyovunjwa na Calc halali, chagua Calc bila kusita. Kwa hesabu za duka hutakosa kitu.

Stima zikipotea

Mvua za jioni za kando ya ziwa hazipigi hodi. Excel iliyohifadhi faili kwenye kompyuta, na Calc vilevile, huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Dakika 10 za siku ya soko ni mauzo mengi. Punguza ziwe 2. Kwenye Excel nenda File, Options, Save. Kwenye Calc nenda Tools, Options, Load/Save, General, na hapohapo weka alama kwenye Always create backup copy ili faili ya awali ibaki kila unapohifadhi. Stima zikirudi na programu ikakuletea faili iliyookolewa, ihifadhi kwa jina jipya, ilinganishe na ya zamani, ndipo ufute moja. Wengi hubofya OK haraka na kuiandika nakala mbovu juu ya nzima.

Google Sheets huhifadhi kila badiliko lenyewe. Stima zikikatika katikati ya mstari, unachopoteza ni neno ulilokuwa ukiliandika. Udhaifu wake ni intaneti. Mtandao ukikatika kabla hujaandaa matumizi ya nje ya mtandao, ukurasa unakataa kuandikwa. Maandalizi hufanywa ukiwa na mtandao: tumia Chrome au Edge, weka kiongezi cha Google Docs Offline, fungua mipangilio ya Drive na uweke alama kwenye Offline. Kwenye simu, bofya nukta tatu kando ya faili, kisha Make available offline. Usifanye hivyo kwenye kompyuta ya saiba, maana nakala za hesabu zako zitabaki humo. Na watu wawili wasihariri seli moja wakiwa wote nje ya mtandao: mtandao ukirudi, thamani ya mmoja itafunikwa na ya mwenzake.

Wanapoandika watu wengi

Hapa Google Sheets inazishinda nyingine kwa mbali, na kwa chama sababu hii peke yake inatosha kumaliza mjadala.

Bofya Share na uweke anwani za barua pepe moja moja. Wanachama wawe Viewer, watazame tu. Mweka hazina na katibu wawe Editor, waweze kuandika. Kosa la kawaida, na ni kosa zito, ni kuweka Anyone with the link pamoja na Editor kisha kutupa kiungo kwenye kundi la WhatsApp. Kiungo husambazwa, na yeyote anayekipata anaweza kufuta mikopo ya mwaka mzima. Majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni taarifa za kibinafsi zinazolindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data, kwa hiyo hata ruhusa ya kutazama tu isiachwe wazi kwa kila mwenye kiungo.

Miezi iliyokwisha kufungwa ifungwe kweli. Chagua mistari ya mwezi huo, nenda Data, kisha Protect sheets and ranges, na umwachie mtu mmoja pekee ruhusa ya kuibadilisha. Kisha mfundishe kila ofisa kitu hiki kimoja: bofya seli kwa kitufe cha kulia, chagua Show edit history. Utaona nani aliibadilisha, lini, na thamani ilikuwa ngapi kabla. Mchango wa 500 ukigeuka 5,000, hakuna haja ya kugombana mkutanoni. Ukiharibu jedwali zima, nenda File, Version history, chagua saa ambayo kila kitu kilikuwa sawa na ulirejeshe.

Excel ya Microsoft 365 nayo huwezesha watu kuandika pamoja, lakini faili lazima ikae kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kama OneDrive, na kwa kawaida waandishi huingia kwa akaunti za Microsoft. Kwa ofisi ambayo tayari inalipia huduma hiyo, ni njia nzuri. Kwa chama cha watu 20 wenye simu za Android, ambazo tayari zina akaunti ya Google, ni mzigo usio na sababu.

Calc ina njia ya kushiriki faili kwenye folda ya mtandao wa ofisi, lakini ni finyu na hatuipendekezi. LibreOffice yenyewe haina app kamili ya simu. Collabora Office, iliyojengwa juu yake, hufungua na kuhariri faili za .ods, aina ya faili ya Calc, kwenye Android na iPhone. Ukichagua Calc, sheria iwe hii: anaandika mtu mmoja, wengine wanapokea PDF. PDF hiyo ikitoka na kurasa 40 zenye safu zilizokatikakatika, tatizo ni mpangilio wa kuchapisha. Chagua eneo unalotaka, nenda Format, Print Ranges, Define. Kisha Format, Page Style, kichupo cha Sheet, na kwenye Scaling mode chagua ile inayobana kwa upana na urefu. Andika 1 kwenye upana na uache urefu wazi. Kwenye Excel kazi hiyo iko Page Layout, pale unapoweka Width iwe 1 page.

Usitume faili yenyewe kwa WhatsApp ili mwenzako aijaze. Akiifungua kwenye simu yake anaandika kwenye nakala yake, na yako haibadiliki. Baada ya siku tatu mna faili nne zenye neno «mpya» kwenye jina, na hakuna anayejua ipi ndiyo ya kweli.

Stetimenti ya M-Pesa

Hapa ndipo Excel inapostahili pesa zake. Stetimenti kamili ya laini ya kawaida huja kama PDF iliyofungwa, na namba ya kuifungulia huja kwa SMS. Popote unapopewa nafasi ya kuchagua CSV (faili ya maandishi matupu yenye safu zilizotenganishwa kwa koma) au Excel badala ya PDF, chukua CSV. Programu zote tatu huifungua bila shida. Ikiwa ni PDF tu, ifungue kwanza kwenye Chrome kwa namba uliyopewa, kisha Print, Save as PDF. Unapata nakala isiyofungwa. Iweke mahali salama, kwa sababu kufuli limeondoka.

Kwenye Excel ya Microsoft 365 ya Windows nenda Data, Get Data, From File, From PDF. Kila ukurasa hutokea kama jedwali lake. Weka alama kwenye Select multiple items, chagua majedwali yote ya miamala, bofya Transform Data, kisha uyaunganishe kwa Append Queries. Miamala mia kadhaa hukaa kwenye safu zake kwa dakika chache. Mwezi unaofuata unaweza kuweka faili mpya kwa jina lilelile na kubofya Refresh All, lakini angalia: stetimenti ikiwa na kurasa nyingi kuliko ya kwanza, kurasa za ziada hazitajiunga zenyewe. Linganisha jumla ya pesa zilizoingia na ile iliyochapishwa mwanzoni mwa stetimenti kabla ya kuiamini.

Google Sheets na Calc hazina mlango wa namna hiyo. Ukifungua PDF kwa LibreOffice, inaingia Draw, ambayo ni ya michoro. Ukinakili na kubandika, kila muamala huanguka kwenye safu moja. Ipo amri ya kugawanya, Split text to columns kwenye Sheets na Text to Columns kwenye Calc, lakini ukigawanya kwa nafasi, maelezo ya muamala, ambayo huwa na maneno mengi yasiyolingana, huvunjika mahali tofauti katika kila mstari. Kwa miamala 30 kwa mwezi, andika kwa mkono. Kwa 300, ama tafuta Excel ama omba CSV.

Unapoandika kwa mkono, usiache namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu, jumla yake 10. Ndiyo itakayokuonyesha malipo yaliyoandikwa mara mbili. Excel: Home, Conditional Formatting, Highlight Cells Rules, Duplicate Values. Calc: Format, Conditional, Condition, kisha uchague is duplicate. Sheets haina kitufe hicho, kwa hiyo chagua safu nzima ya B, nenda Format, Conditional formatting, Custom formula is, uandike =COUNTIF(B:B,B1)>1. Namba iliyojirudia itapakwa rangi mara moja.

Kiasi kilichobandikwa kikikataa kujumlishwa na SUM ikaleta 0, tazama upande kilipoegemea. Namba halisi huegemea kulia. Maandishi huegemea kushoto. Mara nyingi kosa ni koma au nafasi iliyojificha. Tumia Find and Replace, tafuta koma, mahali pa kubadilisha paache patupu.

Majina, tarehe na sifuri ya mbele

Tabia moja huokoa saa nyingi kuliko fomula yoyote: orodha ya kuchagua. Deni la mteja hukosewa si kwa sababu ya hesabu bali kwa sababu jina lake limeandikwa namna tatu, mara kwa nafasi ya ziada mwishoni, mara kwa jina la mtoto wake. Andika majina yote kwenye karatasi ya pili ya faili, kisha ilazimishe safu ya majina ichague kutoka humo. Excel: Data, Data Validation, List. Sheets: Insert, Dropdown, ukichagua ile inayosoma kutoka kwenye eneo. Calc: Data, Validity, Cell range. Baada ya hapo deni la mtu yeyote ni fomula moja. Tuseme jina liko safu ya B, kiasi D, aina E, na jina unalolitafuta liko H2:

=SUMIFS(D:D,B:B,H2,E:E,"Deni")-SUMIFS(D:D,B:B,H2,E:E,"Malipo")

Fomula hii hufanya kazi katika zote tatu.

Tarehe ni mtego. 05/03 kwetu ni tarehe 5 Machi. Kwa mpangilio wa Marekani ni 3 Mei, na programu haikuonyi. Kwenye Sheets nenda File, Settings, na Locale iwe United Kingdom, ambako siku hutangulia mwezi. Excel hufuata mpangilio wa eneo wa Windows. Calc iko Tools, Options, chini ya lugha. Fanya hivyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kwa kuwa tarehe zilizokwisha kueleweka vibaya hazijirekebishi. Tarehe ya leo usiiandike kwa mkono kabisa: Ctrl pamoja na alama ; huiweka, popote kati ya hizo tatu.

Namba za simu hupoteza sifuri ya mbele kwa sababu programu hudhani ni kiasi. Geuza safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kuijaza.

Ukihama, au faili ikienda kwa mhasibu

Excel ya zamani ndiyo inayoleta kelele zaidi. XLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani kwenye orodha, haimo kwenye Excel 2016 wala 2019. Mhasibu mwenye toleo hilo, akigusa seli hiyo, ataona #NAME?. Calc iliipata kwenye toleo la 24.8 la mwaka 2024. Kama hujui faili itafunguliwa wapi, tumia INDEX na MATCH, fomula za zamani zinazofanya kazi hiyo hiyo.

Google Sheets ina QUERY, ya kuchuja data, na IMPORTRANGE, ya kuvuta data kutoka jedwali jingine, fomula tamu ambazo hazipo kwingine. Ukipakua jedwali kama .xlsx, seli hizo huja na thamani ya mwisho iliyoganda. Zinaonekana sawa, lakini hazitabadilika tena hata ukiongeza mauzo. Mwambie mhasibu mapema, au unakili matokeo kama thamani kwenye karatasi tofauti.

Anayetumia Calc aihifadhi faili yake halisi kama .ods, na .xlsx iwe ya kutuma tu. Ukiihifadhi kama .xlsx na kuifungua leo kwa Calc, kesho kwa Excel, rangi, upana wa safu na masharti ya uthibitishaji huanza kuharibika kidogo kidogo.

Fomu za ritani zinazopakuliwa iTax ni suala la pekee. Hutolewa kwa Excel na kwa ODS, na zote zina makro, kwa hiyo Google Sheets haifai hata kidogo. Utaijaza yote na kitufe cha Validate hakitafanya lolote. Excel ikionyesha mstari mwekundu kwamba makro zimezuiwa, funga faili, ibofye kwa kitufe cha kulia, Properties, weka alama kwenye Unblock, kisha uifungue upya. Kwa Calc, nenda Tools, Options, Security, Macro Security, uweke Medium, na ukubali makro faili inapofunguka. Usishushe hadi Low. Fomu ikikubalika hutengeneza faili ya zip, na hiyo zip ndiyo inayopandishwa. Mwisho wa ritani ya mapato ya mtu binafsi ni tarehe 30 Juni, siku ambayo si ya kujifunzia makro, hasa kwenye foleni ya saiba.

Kwa hiyo mwenye chama anayetumia Sheets bado anahitaji LibreOffice kwenye kompyuta moja kwa kazi hiyo ya mwaka. Na mwenye duka wa Calc bado anahitaji nakala nje ya duka: kila Jumamosi apandishe faili ya .ods kwenye Drive, na jina liwe na tarehe iliyoanza na mwaka, kama duka-2026-03-07, ili faili zijipange zenyewe. Mwenye Sheets naye apakue .xlsx kila mwisho wa mwezi kwenye flashi, na aifungue kweli kabla ya kuihesabu kuwa nakala.